Shajara ya mradi: Daftari la Chupa, Mtwara

Mei: tumeanza

Mradi wenyewe ni daftari moja la jalada gumu, linakaa kwenye mgahawa wa dada yetu pale Shangani. Ndani yake tunaandika mvinyo tunaoupenda na ambao tuko tayari kumshauri mtu mwingine wa Mtwara aununue. Wazo limetokana na kero ya siku nyingi. Mtu anasifiwa chupa fulani na ndugu yake aliyeko Dar es Salaam au Arusha, anaitafuta hapa mjini mpaka anaipata, anaifungua mbele ya wageni, na kilichomo hakifanani kabisa na sifa alizopewa. Wengi wakishapatwa na hilo husema mvinyo haukuumbiwa watu wa pwani, na hawarudi tena.

Sisi tunaona ushauri wa namna hiyo unafika nusu. Jina la chupa peke yake halimsaidii mtu katika mji wa joto kama huu. Kwa hiyo kila anayeandika kwenye daftari lazima aseme chupa ilikuwa imehifadhiwaje dukani, ilinywewa ikiwa na ubaridi gani, na mezani kulikuwa na chakula gani. Asiyeweza kusema hayo, sifa zake tunazisikiliza kwa heshima lakini hatuziandiki.

Tuko wachache: mwalimu wa kemia wa sekondari, fundi wa majokofu, kijana anayefanya kazi bandarini, dada mwenye mgahawa na mimi. Mama anayetuuzia samaki Feri naye ni mwenzetu, ingawa hanywi kabisa. Yeye ndiye anayepika, na tumeshaona kwamba akinusa glasi pua yake haidanganyiki. Tumekubaliana pia kuuheshimu mji. Majirani wetu wengi ni Waislamu, basi tunakaa ndani, jioni, bila muziki, na mfungo ukiingia daftari linafungwa.

Sheria nyingine ni ya gazeti. Chupa zote zinaviringishwa gazeti kabla ya kumiminwa, na aliyezifunga hasemi neno mpaka kila mtu ametoa maoni. Mwalimu ndiye aliyeisisitiza, akatukumbusha yaliyotokea Paris mwaka 1976. Mfanyabiashara mmoja wa mvinyo, Mwingereza Steven Spurrier, aliwaalika waonjaji wa Kifaransa wenye majina makubwa, akawapa mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kuonyesha lebo. California ikaongoza kwa mweupe na kwa mwekundu. Kama lebo iliwatawala watu waliozaliwa kwenye mashamba ya mizabibu, sisi tuna sababu zaidi ya kuifunika. Hapa kwetu kinachotawala zaidi ni kizibo: chupa yenye kizibo cha gome inahesabiwa ya heshima, na ile ya kuzungusha inaonekana ya bei chee. Nitarudi kwenye hilo, maana linawagharimu watu pesa.

Juni: joto

Mwezi mzima umekwenda kwenye joto, na sijutii hata siku moja.

Fundi alipita madukani na kipimajoto chake. Kusi limeshaanza kuvuma, huu ndio msimu wetu wa ubaridi, na bado rafu za juu mchana zilikuwa karibu nyuzi 30. Mvinyo wa kutunzwa unataka nyuzi 12 hadi 14 hivi, mahali pa giza. Tena fikiria safari yenyewe: chupa imetoka rasi ya kusini mwa Afrika kwa meli, ikashushwa Dar es Salaam, ikapanda lori kuja huku, kilomita zaidi ya 550 chini ya turubai. Ikifika hapa imeshachoka, halafu inapangwa kwenye rafu inayotazama jua la saa kumi.

Mwalimu alitueleza kinachotokea ndani. Mvinyo ukipata joto unatanuka na kukisukuma kizibo; usiku ukipoa unajikunja na kuvuta hewa. Hewa ikiingia kidogo kidogo inaua harufu za matunda, na joto lenyewe linauzeesha mvinyo kabla ya umri wake. Hakuna jokofu litakalourudisha ulivyokuwa.

Tukataka kuona kwa macho yetu. Tukanunua chupa mbili za Chenin Blanc, mvinyo mweupe wenye jina la zabibu yake, kutoka duka moja, za mtengenezaji mmoja na mwaka mmoja. Ya kwanza ilitoka rafu ya juu inayotazama mlango. Ya pili ilitoka kwenye katoni ambayo haijafunguliwa, sakafuni, nyuma ya stoo. Zote zikalazwa kwenye friji moja usiku kucha.

Ya rafuni, nilipochana kile kifuniko cha plastiki kwenye shingo, nilikuta kizibo kimepanda. Ukipitisha kidole juu ya mdomo wa chupa unakihisi kimejitokeza. Pembeni yake kulikuwa na mchirizi mwembamba uliokauka, wa kunata. Kwenye glasi rangi yake ilikuwa dhahabu iliyoingia kahawia, na ilinuka tufaha lililokatwa likaachwa mezani. Ya katoni ilikuwa na rangi ya majani makavu yenye ukijani kwa mbali, na harufu ya pera na ganda la ndimu ilikuja kabla glasi haijafika puani. Mama wa samaki akanusa moja, akanusa ya pili, akasema, "Hii imelala, hii iko macho." Tumeyaandika maneno yake kwenye daftari kama yalivyo, maana hatukupata yaliyo bora.

Kuanzia hapo ushauri wetu wa kwanza kwa mnunuzi wa Mtwara hauna jina la chupa ndani yake. Ingia dukani, salimia, omba: "Kaka, samahani, naomba ile iliyoko kwenye katoni." Wauzaji wanaelewa na hawakatai. Mweupe na ule wa waridi (rosé) chukua wa mwaka wa karibuni kadiri utakavyopata. Chupa ya kioo cheupe iliyokaa kwenye mwanga iache, hata kama rangi yake inavutia, kwa sababu mwanga nao unaharibu harufu. Na kizibo cha kuzungusha, kwa joto hili, ni rafiki: hakipandi, hakivuti hewa ovyo. Kuna mvinyo mzuri sana kutoka New Zealand na Australia unaofungwa hivyo hivyo, na hakuna anayeuona wa hali ya chini.

Julai: pweza wa nazi

Hili ndilo swali lililotuleta mezani tangu mwanzo, nami nimelisubiri kwa hamu. Mtu wa huku akialika wageni atapika pweza. Anywe nao nini?

Mama alimleta pweza asubuhi, bado anabadilika rangi. Alimchemsha kwa maji yake mwenyewe mpaka akalainika, akamkata, akamrudisha jikoni na kitunguu, kitunguu saumu, nyanya kidogo, halafu tui la pili, na mwisho tui zito. Pilipili aliitia nzima bila kuipasua, ndimu akaikamulia mwishoni. Wali pembeni. Tukafunga magazeti.

Tui la nazi lina mafuta mengi, na mafuta yanaukalia ulimi. Mvinyo usio na uchachu unapotea hapo. Unasikia umajimaji tu. Wenye uchachu unausafisha mdomo, na tonge linalofuata linakuja na ladha yake yote. Pilipili nayo ina sharti lake: mvinyo wenye kilevi kikubwa unaizidishia moto, kwa hiyo asilimia 11 au 12 inakaa vizuri kuliko 14.5.

Iliyoshinda kwa wengi ni Chenin Blanc ya Afrika Kusini, ya kawaida kabisa, isiyopitishwa kwenye pipa la mbao. Zabibu hii asili yake ni bonde la Loire, Ufaransa, lakini Afrika Kusini ndiko inakolimwa kwa wingi kuliko kwingine kokote, na uzuri wake kwetu ni kwamba hata ikilimwa kwenye jua haiachi uchachu wake. Chenin ya Dodoma ilikuja karibu sana. Ilikuwa nyororo zaidi, harufu yake ndogo, na dada wa mgahawa aliipa nafasi ya kwanza bila kusita. Alisema anaijua meza yake, wateja wake wengi hawapendi uchachu mkali kwenye mlo wa kwanza. Nimeandika kura yake kwa wino mwekundu ili isipotee.

Kijana wa bandarini alileta Vinho Verde aliyopewa na jamaa yake wa Mozambique. Huu ni mvinyo wa kaskazini magharibi mwa Ureno, mwepesi, kilevi kidogo, una viputo vichache vinavyochoma ulimi. Mimi kura yangu ilikwenda huko. Kwa kamba wa kuchoma wenye ndimu na chumvi sijaonja kitu kilichokaa vizuri zaidi, na kwa pweza ulifuta tui mdomoni bila kumfunika pweza mwenyewe. Kasoro yake ni moja, haupatikani hapa mjini kwa uhakika, na daftari letu haliwezi kumtuma mtu Pemba ya Msumbiji kwa ajili ya chakula cha jioni. Umewekwa kwenye ukurasa wa chupa za kuagiza.

Chardonnay ya pipa, mweupe mwingine, haikufaulu. Uzito wa pipa na uzito wa tui viligombana, na pweza akaumia.

Ubaridi: mweupe tunautoa kwenye friji dakika 15 hivi kabla ya kumimina. Friji nyingi ziko kwenye nyuzi 4, na kwa nyuzi 4 harufu haitoki. Ukifika 8 hadi 10 inafunguka. Hapa kwetu haichukui muda, hewa inafanya kazi hiyo yenyewe. Miminia kidogo kidogo na uirudishe chupa kwenye barafu.

Julai, mwishoni: boksi

Watu wanauliza kuhusu mvinyo wa boksi. Tunaupendekeza bila aibu kwa matumizi ya nyumbani. Ulibuniwa Australia na Thomas Angove mwaka 1965, na ubora wake uko kwenye mfuko: unapotoa glasi mfuko unajikunja, hewa haiingii, basi ukiwa kwenye friji unakaa wiki kadhaa. Chupa iliyofunguliwa ni siku tatu hadi tano, nayo ndani ya friji. Soma tarehe ya kufungashwa chini ya boksi, kwa sababu mfuko hautunzi mvinyo kwa miaka.

Agosti: mwekundu, samaki na korosho

Mwekundu ndio unaonunuliwa zaidi hapa mjini, na ndio unaolalamikiwa zaidi. Malalamiko ni mawili.

La kwanza ni kwamba ni mchungu. Hili lilipata jibu rahisi kuliko tulivyotarajia. Watu wetu wanapata mwekundu ukiwa na joto la chumba, na chumba cha Mtwara kina nyuzi 28. Vitabu vya Ulaya vinaposema joto la chumba vinazungumzia nyumba za mawe za huko, nyuzi 16 au 18. Weka chupa kwenye friji nusu saa. Kilevi kinatulia puani, matunda yanasikika. Tulijaribu kwa Pinotage moja, nusu ikiwa ya mezani na nusu ya friji, na fundi alikataa kuamini ni chupa moja mpaka gazeti lilipofunguliwa. Sasa Pinotage ndiyo kipenzi chake: zabibu iliyozalishwa Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 1925 na Profesa Abraham Perold kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut. Anaipendekeza kwa mbuzi wa kuchoma, nami nakubaliana naye.

La pili ni samaki. Mwekundu na changu wa kukaanga unaacha ladha ya chuma mdomoni, na kwa ng'onda, samaki aliyekaushwa, inakuwa mbaya zaidi. Watafiti wa Japani walilichunguza jambo hili na mwaka 2009 wakaonyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo, yakikutana na mafuta ya samaki, ndiyo yanayozaa ile shombo. Mvinyo wenye chuma kidogo hauna shida kubwa, ila lebo haisemi. Kwa hiyo daftari linasema: penye samaki, mweupe au wa waridi, ng'onda na mwekundu visikutane.

Kuhusu ukakasi, ile hali ya ulimi kukauka na fizi kukaza, hatukupata shida kueleza. Kila mtoto wa Mtwara amekula bibo, tunda la mkorosho. Tanini iliyoko kwenye bibo na iliyoko kwenye ganda la zabibu zinakukamata ulimi namna moja. Na dawa yake iko mezani kwetu tayari: korosho. Mafuta na protini ya korosho vinaushika ukakasi kabla haujakushika wewe. Tulikaanga korosho kwa chumvi tu, tukanywa na mwekundu wa Makutupora wa Dodoma, ule mkavu. Zabibu hiyo imechukua jina la kijiji kilichoko kaskazini mwa jiji, palipo na kituo cha utafiti wa zabibu. Mwanzo ulikaza, baada ya korosho mbili tatu ukalainika, ikatokea harufu ya zambarau na pilipili manga kwa mbali. Tulikaa kimya, watu wakatafuna.

Mzee mmoja jirani, mstaafu, alituona siku hiyo akaingia. "Shikamoo mzee, karibu." "Marahaba wanangu. Hiyo ni ya Dodoma?" Akapokea glasi, akaomba korosho, akakaa mpaka usiku. Yeye ni mtu wa mvinyo mtamu. Alitutetea Dompo kwa nguvu, akisema tumeiacha kwa sababu ya maringo. Tulimsikiliza na tukaijaribu ikiwa baridi sana, glasi ndogo, na kashata za nazi baada ya chakula. Alikuwa na haki yake. Mvinyo mtamu mahali pake ni mwisho wa mlo, na kitu kitamu kinataka mvinyo usiopungua utamu wake. Imeingia kwenye daftari kwa maneno ya mzee.

Septemba: mzigo kutoka Dodoma

Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima anaupogoa, nao unaanza upya. Mavuno ya pili ni majira haya. Mdogo wake mwalimu alikuwa anarudi kwa basi, akatuletea katoni.

Ushauri kwa wanaosafirisha: usiiweke kwenye buti la basi upande wa injini, ni tanuri. Safiri na basi la usiku kama unaweza, viringisha kila chupa kwa kanga au taulo, na ukifika iache itulie siku kadhaa kabla ya kufungua. Ukikuta vichembe vinavyong'aa chini ya chupa usiogope. Hivyo ni chumvi za asidi ya zabibu zinazojitenga, si vioo wala sukari.

Chupa moja mwekundu, si ya mzigo huu, ilinuka boksi lililolowa. Hilo halitokani na joto wala uzembe wa muuza duka. Ni kemikali inayoitwa TCA, inayozaliwa na ukungu kwenye kizibo cha gome. Haidhuru mwili, lakini inazima harufu zote. Tumeeleza kwenye daftari namna ya kuitambua ili mtu asilaumu zabibu yote kwa ajili ya kizibo kimoja.

Oktoba: mabibo

Korosho zimeanza kuanguka, na mjadala mkali wa mradi huu umekuja pamoja nazo. Je, mvinyo wa mabibo uingie kwenye daftari?

Kijana wa bandarini alisema hapana, mvinyo ni zabibu. Dada wa mgahawa akamuuliza kwa nini tule korosho ya kwetu na kutupa tunda lake. Mimi niko upande wa dada. Bibo likishaanguka halingoji. Kesho yake limeanza kuharibika, na mashambani Newala, Tandahimba na Masasi mengi yanaozea chini ya mti. Uraka tunaujua wote, unachacha wenyewe kwa siku moja mbili na unanyweka hapo hapo. Mvinyo ni kazi nyingine. Juisi inachujwa, inapunguzwa ukakasi, mara nyingi kwa jelatini inayoshikana na tanini na kuzama nayo chini, kisha inatiwa hamira na kufungiwa chombo kinachotoa gesi bila kuingiza hewa, kwa wiki kadhaa. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) Naliendele, hapa hapa jirani, wamekuwa wakifundisha watu kutengeneza juisi, jamu na mvinyo wa mabibo, kwa hiyo ujuzi uko mlangoni.

Tulipata chupa ya mtengenezaji mdogo. Gazeti likafungwa kama kawaida. Harufu haikujificha, ilijaa chumba: bibo la manjano lililoiva sana, na nyuma yake kitu cha kukumbusha nanasi. Mdomoni ilikuwa kavu, uchachu mzuri, ukakasi kidogo mwishoni. Kwa ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha yenye chumvi na pilipili ilizipita chupa zote zilizokuwa mezani, Chenin ikiwemo. Kijana wa bandarini aliipa alama za juu kabla hajajua ni nini, na alipojua hakuzifuta, jambo ambalo nampa heshima zake.

Uamuzi: mabibo yamepewa kurasa zake, kuanzia nyuma ya daftari kuja mbele. Kila chupa itaandikwa pia jinsi ilivyotengenezwa, kwa sababu watengenezaji ni wadogo na kila pipa lina tabia yake. Vya kuchemsha na kukinga mvuke hatuandiki.

Novemba: daftari lilipofika

Joto limerudi. Minada ya korosho inaendelea, malipo yanaingia, maduka yamejaza rafu na watu wanafunga ndoa. Ndio maana nimeharakisha kunakili kurasa za kwanza ili zibandikwe ukutani mgahawani.

Kwa sasa tunasimama hivi. Pweza, kamba na samaki wa kupaka: Chenin Blanc ya katoni, ya mwaka wa karibuni, ya Afrika Kusini au ya Dodoma. Mbuzi wa kuchoma: Pinotage iliyokaa friji nusu saa. Korosho na mazungumzo: Makutupora mkavu. Ming'oko: mabibo. Kashata: mtamu wa mzee, glasi ndogo. Kwa harusi, wenye mapovu. Uwe baridi kweli kweli, nyuzi 6 hadi 8, na chupa ifunguliwe kwa kuzungusha chupa huku kizibo kimeshikwa, kwa sababu shinikizo la ndani la mvinyo wa aina ya Champagne linafika mara sita ya hewa ya kawaida, na kizibo kikiruka kinaweza kumtoa mtu jicho.

Fundi ameanza kutengeneza kabati la kuhifadhia kutoka friji bovu: ameondoa kidhibiti cha zamani na kuweka kinachoshika nyuzi 14. Umeme ukikatika linavumilia saa kadhaa likiwa limejaa chupa, kwa kuwa vimiminika vinapoteza ubaridi taratibu. Likikamilika litakaa mgahawani, na wanachama watalaza chupa zao humo.

Zilizobaki: mvinyo wa waridi haujapata haki yake, na samaki wa kukaanga wenye kachumbari bado hana mwenzi. Mama wa samaki ameahidi kolekole akipatikana mkubwa. Mwenye chupa ya waridi iliyotoka kwenye katoni aje nayo, na kama anapita Shangani mchana aiache kwa dada, kwenye friji, siyo kaunta.